MNARA WA SIMU HULA UMEME HATA UKIWA KIMYA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa ili lisomwe tena darasani.

  Wenye madaftari wayafungue na kuchonga penseli zao, maana leo tutasoma na kupiga hesabu pia.

Somo letu ni juu ya mnara wa simu: umeme unaoutumia, namna umeme huo unavyopotea, na namna mafundi wanavyojaribu kuuzuia usipotee.

Pengine mtu atasema, "Mwalimu, hayo ni mambo ya kampuni. Mimi mkulima yanihusu nini?" Mimi nami nilikuwa na mawazo kama hayo mpaka nilipokwenda Bungu.

MASWALI YA MAMA WA BUNGU

Bungu iko katika milima ya Usambara, Wilaya ya Korogwe. Nilikwenda huko wakati wa masika kulitazama darasa la kisomo. Nilipouliza kama kuna mwenye swali, mama mmoja wa umri wa kunizaa akainua mkono. Akasema:

"Mwanangu mwalimu, swali langu si la kitabu. Usiku mmoja umeme ulikatika saa 2. Simu zikaendelea kufanya kazi, kisha kama saa 8 mtandao ukafa. Saa 9 mkwe wangu akashikwa na uchungu. Tukapiga simu kuomba gari, haikuita. Kijana wangu akakimbia gizani, na mvua inanyesha, mpaka kwa mwenye pikipiki. Mungu ni mwema, mama na mtoto wote wazima. Lakini niambie, kwa nini mnara ulikufa saa 8? Kwa nini usingengoja kukuche?"

Nikamwambia, "Mama, sijui. Nitawauliza mafundi, kisha nitakuletea majibu." Basi leo nalipa deni hilo.

SIMU YA MKONONI NI SIMU YA UPEPO

Zamani wazee wetu walikuwa na neno zuri. Mawasiliano yasiyopita katika waya waliyaita simu ya upepo. Simu ya mkononi ni simu ya upepo. Ukisema, sauti yako hugeuzwa kuwa mawimbi ya redio. Mawimbi huruka mpaka mnara ulio karibu. Mnara huyapokea na kuyapeleka mbele, kutoka mnara hadi mnara au kwa njia ya mkongo, mpaka kwa yule unayemtaka.

Nchi imegawanywa vipande vipande kama mashamba, na kila kipande kina mnara wake wa kukihudumia. Ukisafiri kwa basi kutoka Korogwe kwenda Handeni, simu yako hupokewa na mnara huu, ikaachwa, ikapokewa na mwingine, wala wewe huna habari.

Katika Tanzania simu za namna hii zilianza mwaka 1994. Mwishoni mwa mwaka 2024 laini zilizokuwa zikitumika zilizidi milioni 80. Na kazi ya kujenga minara vijijini inaendelea. Mwezi Mei 2023, mjini Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia sahihi mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713.

Kujenga mnara ni kazi ya mara moja. Kuulisha umeme ni kazi ya kila siku, usiku na mchana.

MNARA MMOJA NI TAA MIA MBILI

Sisi tunaotumia LUKU twaijua uniti ya umeme. Uniti moja ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Wati 1,000 ni sawa na taa 100 za wati 10 zikiwaka pamoja.

Mnara mkubwa wa simu mara nyingi hutumia kati ya wati 1,000 na wati 3,000. Kwa hesabu yetu ya leo tuchukue wati 2,000. Basi mnara huo ni kama taa 200 zilizowashwa, wala hazizimwi asubuhi.

Wengi mnakijua kituo cha umeme cha Hale, katika mto Pangani, wilaya yetu hii ya Korogwe. Kilijengwa miaka ya 1960 kwa uwezo wa megawati 21, yaani wati milioni 21. Gawanyeni kwa 2,000. Mtapata 10,500. Maana yake, minara 10,500 ya namna hiyo ingemaliza umeme wote ambao Hale ilijengwa kuutoa, pasibaki hata wa taa moja ya shule. Mnaona sasa kwamba hili si jambo dogo.

UMEME HUO UNAKWENDA WAPI?

Ajabu ni hii: sehemu ndogo tu ya umeme wa mnara ndiyo inayotoka angani kuwa mawimbi. Nyingi hupotea njiani. Zipo njia nne za kupotea.

Njia ya kwanza ni joto. Ndani ya mtambo kuna kifaa cha kukuza nguvu za mawimbi, na mafundi hukiita amplifaya. Hicho ndicho mlafi mkubwa. Katika mitambo mingi ya zamani, zaidi ya nusu ya umeme ulioingia katika amplifaya uligeuka kuwa joto tu.

Njia ya pili yazaliwa na ile ya kwanza. Kwa kuwa mtambo una joto, huwekwa ndani ya kibanda chenye kiyoyozi. Basi twalipa umeme wa kutoa joto tusilolitaka, kisha twalipa umeme mwingine wa kulipoza.

Njia ya tatu ni waya mrefu. Kama mtambo uko chini na antena ziko juu ya mnara, mawimbi hupanda kwa waya mnene. Katika safari hiyo nguvu nyingi yaweza kupungua, mara nyingine kufika nusu.

Njia ya nne ndiyo kubwa katika somo la leo. Mnara hula umeme hata kama hakuna mtu anayezungumza. Mfikirieni mama anayeuza chai sokoni. Siku ya gulio watu ni wengi, na moto mkubwa wafaa. Lakini saa 8 usiku soko ni tupu. Je, ataacha magogo yawake chini ya sufuria usiku kucha, eti pengine atapita mtu mmoja? Hataacha. Atafukia kaa majivuni, na mteja akija atapuliza. Lakini minara mingi ya zamani haikujua kufukia kaa. Katika mitambo ya 2G, kila kipande cha nchi kina wimbi moja la kuita, nalo hutolewa kwa nguvu zile zile saa zote, watu wawepo wasiwepo.

SASA TUPIGE HESABU YA USIKU ULE

Turudi kwa mama wa Bungu. Umeme wa gridi ukikatika, mnara hutegemea betri, au jenereta, au vyote viwili. Tuseme mnara una betri zenye uniti 12, nao hutumia wati 2,000, yaani uniti 2 kila saa.

12 gawanya kwa 2 ni 6. Betri zitadumu saa 6. Umeme ukikatika saa 2 usiku, mnara utakufa saa 8 usiku. Mnaiona saa hiyo? Ndiyo saa aliyoitaja mama.

Sasa tuseme mafundi wamepunguza matumizi ya mnara huo kwa robo. Badala ya uniti 2 kwa saa, watumia uniti 1 na nusu. Betri ni zile zile. 12 gawanya kwa 1.5 ni 8. Betri zitadumu saa 8. Mnara ulioachwa bila umeme saa 2 usiku utakuwa hai mpaka saa 10 alfajiri. Simu ya saa 9 ingeita.

Hii ni hesabu ya darasani. Betri za kweli huzeeka na uwezo wake hupungua, wala minara yote si sawa. Lakini kanuni ni ya kweli: umeme usiopotezwa huongeza saa za mtandao gizani. Hilo ndilo neno kubwa la somo hili. Kama mtasahau mengine yote, shikeni hilo.

Tazameni pia hesabu ya dizeli. Mnara wa uniti 2 kwa saa hutumia uniti 48 kwa siku. Tuseme jenereta yatoa uniti 3 kwa kila lita ya dizeli. 48 gawanya kwa 3 ni lita 16 kila siku. Robo yake ni lita 4. Ukiokoa lita 4 kila siku, kwa mwaka ni lita 1,460, yaani madumu 73 ya lita 20. Madumu hayo hupandishwa mlimani kwa gari, na ninyi mnaijua barabara ya mlimani wakati wa masika. Gari likikwama, mnara nao hukwama. Isitoshe, gharama ya mafuta ni mojawapo ya mambo yanayoifanya kampuni isite kujenga mnara mahali penye watu wachache.

DAWA ZA MAFUNDI

Sasa tuangalie dawa zilizokwisha patikana, na zile zinazokuja.

Dawa ya kwanza ni kupandisha mtambo juu. Siku hizi minara mingi ina vyombo vidogo vilivyofungwa kule kule juu, karibu na antena. Waya mrefu umekwisha, na upepo wa mlimani hupoza chombo bure bila kiyoyozi.

Dawa ya pili ni amplifaya bora. Mwaka 1936 Mmarekani William Doherty, fundi wa maabara za Bell, alibuni amplifaya yenye sehemu mbili. Moja hufanya kazi wakati wote. Ya pili huja kusaidia mzigo unapokuwa mzito tu. Aliibuni kwa ajili ya vituo vikubwa vya redio, na leo maarifa yake hutumika sana katika minara ya simu. Ni kama wachukuzi wawili: gunia jepesi hubeba mmoja, la pili akipumzika.

Dawa ya tatu ni kuelekeza mawimbi. Taa ya chemli humulika kila upande, hata pasipo na mtu. Tochi humulika mbele tu, nayo hufika mbali. Minara ya zamani ilikuwa kama chemli, au kama chemli yenye vioo vitatu. Mitambo mipya yenye antena ndogo ndogo nyingi yaweza kukusanya mawimbi na kuyaelekeza kwa mtu anayezungumza, kama tochi. Kadhalika mnara mdogo wawekwa karibu na watu. Katika mahali pa wazi, umbali ukizidi mara mbili, nguvu inayofika hubaki robo tu. Milima na misitu huipunguza zaidi.

Dawa ya nne ni kupumzika. Hapa ndipo mitandao inayokuja inapotofautiana na ya zamani. Mnara wa 4G hutoa alama zake za kuongoza simu kila sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hata kama kijiji chote kimelala, hupiga kelele mara 1,000 na zaidi katika sekunde moja. Mlinzi wa namna hiyo hapati hata nafasi ya kuvuta pumzi. Mnara wa 5G wapangwa kwa kawaida uite mara 50 kwa sekunde, na waweza kupangwa uite mara chache zaidi ya hapo. Katikati ya wito na wito, kama hapana mazungumzo, sehemu za mtambo huzimwa, zikawashwa tena kabla ya wito unaofuata. Kwetu sisi ni kufumba na kufumbua, lakini kwa mtambo ni mapumziko ya kweli. Katika Tanzania huduma ya 5G ilianza mwaka 2022, nayo ilitangulia mijini.

Dawa ya tano ni jua. Mnara unaokula kidogo waweza kulishwa na vioo vichache vya umeme wa jua. Lakini Bungu mnaujua ukungu wenu. Siku tatu za mawingu zikifuatana, vioo havitoi kitu cha kutosha. Kwa hiyo mnara wa milimani wahitaji kwanza kupunguziwa ulafi, ndipo jua litaufaa.

MNARA ULALE KAMA MAMA MWENYE MTOTO MCHANGA

Hapa, ndugu zangu, pana jambo la kuangalia sana.

Mjini minara husimama karibu karibu. Saa 8 usiku waweza kuzima mmoja kabisa, na jirani yake akachukua kazi. Ni akili njema. Lakini katika bonde ambalo mnara ni mmoja tu, ukiuzima wote, watu wote wa bonde wamefungiwa mlango.

Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina mpango wa taifa uitwao m-mama. Mama mjamzito au mtoto mchanga akipatwa na hatari, hupigwa namba 115 bila malipo. Muuguzi hupokea, huuliza maswali, kisha hupeleka gari la wagonjwa au dereva wa kijijini aliyekubali kazi hiyo. Mpango huo umesimama juu ya kitu kimoja: simu iite. Mnara ukilala fofofo, gari halipati habari.

Basi tuseme hivi. Mnara wa mjini waweza kulala kama kijana aliyetoka shamba, maana ndugu zake wako macho. Mnara wa Bungu na ulale kama mama mwenye mtoto mchanga: macho amefumba, mwili umepumzika, lakini mtoto akilia hata kidogo, ameamka. Izimwe mitambo ya picha na video isiyotumiwa usiku, ibaki sauti na wito. Huko ndiko kuokoa umeme kwa akili. Kuokoa umeme kwa kumnyima mtu msaada ni kumhamishia gharama yule asiye na kitu.

ONYO MOJA

Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons aliandika juu ya makaa ya mawe. Alionyesha kwamba mitambo ya mvuke ilipoanza kutumia makaa kidogo kwa kazi ile ile, nchi yake haikuchoma makaa machache. Ilichoma mengi zaidi, kwa kuwa mitambo ilikuwa ya nafuu na watu wakaiongeza. Mambo ya simu ni hivyo hivyo. Mtambo wa 5G hupeleka habari nyingi kwa umeme mchache kwa kila habari. Lakini mtambo mmoja wenye antena nyingi waweza kula umeme kuliko ule wa 4G, na watu wakipata nafuu hutazama video nyingi zaidi. Kwa hiyo kifaa bora peke yake hakitoshi. Yafaa kupima jumla ya umeme mwisho wa mwezi, kama tunavyotazama uniti za nyumbani.

NASI TUFANYE NINI?

Kwanza, jueni tabia ya simu yenu. Simu iliyo mbali na mnara hupiga kelele ili isikiwe, na betri yake huisha upesi. Simu iliyo karibu hunong'ona. Ukiwa bondeni pasipo mtandao, simu huutafuta bila kuchoka. Izime, au izimwe mawasiliano yake, mpaka utakapopanda mahali pazuri. Hivyo utaokoa fedha ya kuchaji.

Pili, nyumba yenye mama anayekaribia kujifungua itafute mapema mahali ambapo simu hushika vizuri, na simu ichajiwe kabla ya usiku. Namba 115 iandikwe ukutani kwa mkaa. Ninyi sasa mnajua kuandika.

Tatu, betri za mnara na dizeli yake ni mali ya kulindwa na kijiji. Anayeiba betri moja ameiba saa za usiku wa jirani yake.

Nne, mnapokaa katika mkutano wa kijiji na wenye mnara wakaja, msiulize tu, "Mtandao utafika lini?" Ulizeni pia, "Umeme ukikatika, mnara wetu hudumu saa ngapi?" Hilo ni swali la haki, nanyi sasa mwajua kulipigia hesabu.

Mama wa Bungu, kama unanisikiliza, majibu yako ndiyo hayo. Mnara ulikufa saa 8 kwa sababu betri zake zilikwisha, na huenda zilikwisha upesi kwa sababu mnara ulikuwa ukila kama mchana wakati kijiji kimelala. Si lazima iwe hivyo siku zote.

 

MANENO YA KUANDIKA DAFTARINI

Mawimbi: nguvu zisizoonekana zinazochukua sauti hewani.
Amplifaya: kifaa cha kukuza nguvu za mawimbi.
Uniti: umeme wa wati 1,000 kwa saa moja.
Robo: sehemu moja katika sehemu nne.

MASWALI

1. Taja njia nne za kupotea kwa umeme wa mnara.
2. Betri zina uniti 18. Mnara hutumia uniti 2 kwa saa. Umeme ukikatika saa 1 usiku, mnara utakufa saa ngapi?
3. Mnara huo huo ukitumia uniti 1 na nusu kwa saa, utakufa saa ngapi?
4. Kwa nini mnara wa bondeni usizimwe wote usiku, ingawa wa mjini waweza kuzimwa? Jibu kwa sentensi mbili zako mwenyewe.